Mtoto Anayeanguka Ghafula
Mafundisho juu ya mapigo ya moyo, kwa wazazi na kwa watu wa kanisa



Tuseme mtoto wa miaka minane anakimbia na wenzake wakishuka kilima kwenda mtoni. Ana nguvu, amekula, hana homa. Ghafula anaanguka kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba. Uso wake umepauka na haitiki. Wenzake wanapiga kelele. Kabla mama yake hajafika kutoka shambani, mtoto amekwisha kuketi, naye anauliza, "Kumekuwa nini?" Jioni anakula chakula chake na kucheza kama siku zote.

Lakini usiku ule wakubwa hawalali. Mmoja anasema ni kifafa. Mwingine anasema ni pepo. Wa tatu anakumbuka kwamba mjomba wa mtoto huyu alikufa mtoni akiwa kijana, ingawa alijua sana kuogelea. Hapo sauti zinashuka, na jina la nyanya mmoja mzee linatajwa. Basi nyumba inaanza kuvunjika, na mtoto mwenyewe hajapimwa bado.

Nimeandika mafundisho haya kwa ajili ya usiku kama ule. Nataka ulishike neno hili moja: kuna magonjwa ya mapigo ya moyo ambayo mtoto huzaliwa nayo, naye huyapokea kwa wazazi wake kama anavyopokea sura yao. Yanaweza kumwangusha, hata kumwua kwa ghafula. Lakini yakijulikana mapema, mtoto anaweza kulindwa. Habari ya mjomba aliyekufa mtoni ni ya maana sana, lakini ipelekeni kwa muuguzi. Msiipeleke kwa mfumu.

1. Moyo hupiga namna gani?

Moyo ni nyama yenye nguvu, na ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Kazi yake ni kusukuma damu mwilini mwote. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika moja. Moyo wa mtoto mchanga hupiga mbio zaidi, mara 100 hadi 160.

Nani anauambia moyo upige? Juu ya moyo, upande wa kuume, kuna sehemu ndogo inayotoa nguvu kidogo ya umeme. Umeme huu hauwezi kuwasha taa, lakini unatosha kuiamsha nyama ya moyo. Hupita kwanza katika vyumba viwili vya juu, halafu hushuka katika vyumba viwili vya chini. Nyama inajikaza na damu inatoka. Baada ya hapo moyo sharti upumzike kitambo kidogo sana, ujitayarishe kwa pigo linalofuata.

Umeme huo hutoka katika chumvi za mwili. Kila chembe ndogo ya nyama ya moyo ina milango midogo ambayo chumvi hizi huingia na kutoka. Milango ikifunguka na kufungwa kwa wakati wake, moyo hupiga vizuri usiku na mchana, na mwenyewe hana habari.

2. Ni nini kinachoharibika?

Umewaona wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Mmoja anashusha mchi, mwenzake anauinua wake. Wakifuata zamu, kazi inaendelea vizuri. Lakini mmoja akichelewa kuinua, na mwenzake akashusha kabla ya zamu, michi inagongana na kazi inaharibika.

Katika ugonjwa wa kwanza nitakaoutaja, milango ya chumvi inakawia. Moyo umekwisha kupiga, lakini unachelewa kujitayarisha tena. Mara nyingi hakuna ubaya unaoonekana. Lakini siku moja mtoto anakimbia, ama anaogopa, na pigo jipya linaingia wakati moyo haujawa tayari. Hapo mapigo yanachafuka. Moyo unapiga mbio bila utaratibu, au unatetemeka tu, wala hausukumi damu. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde chache, mtoto anaanguka. Moyo ukirudi katika zamu yake wenyewe, mtoto anaamka. Usiporudi, anakufa.

Waganga wa hospitali huuita ugonjwa wa QT ndefu, kwa sababu katika picha ya mapigo ya moyo nafasi kutoka alama ya Q hadi mwisho wa alama ya T inakuwa ndefu kuliko inavyopasa.

Upo na ugonjwa mwingine wa ukoo unaofanana na huu. Mtoto akitulia, picha ya moyo wake ni nzuri kabisa. Lakini akikimbia au akikasirika, mapigo yanachafuka. Kwa sababu hii picha moja nzuri haitoshi kumaliza shaka ikiwa mtoto ameanguka akikimbia.

Usiogope kana kwamba ugonjwa huu umo katika kila nyumba. Huko Italia waganga walipima mioyo ya watoto wachanga zaidi ya 44,000. Mwaka 2009 walitangaza kwamba QT ndefu hupatikana kwa mtoto mmoja katika watoto 2,000 au 2,500 hivi. Ni wachache. Lakini mtoto mmoja ni mtoto, na katika nyumba yenye mmoja, mara nyingi kuna wengine.

3. Ugonjwa huu ulijulikana namna gani?

Mwaka 1856 mganga mmoja wa Udachi, jina lake Friedrich Ludwig Meissner, aliandika habari ya msichana kiziwi katika shule ya viziwi ya mji wa Leipzig. Msichana huyu alikuwa amefanya kosa dogo, akaitwa mbele ya mkuu wa shule. Kwa hofu na aibu alianguka chini akafa. Wazazi wake walipopelekewa habari hawakushangaa sana, maana walikuwa wamekwisha kuzika watoto wengine wawili kwa namna ile ile: mmoja baada ya kushtuka, mwingine baada ya hasira kali.

Uone jambo hili. Jamaa ile haikuwa ya Kivu, nao walipatwa na yale yale ambayo kwetu yangeitwa ulozi. Siku zile hapakuwa na chombo cha kuonyesha kilichotokea ndani ya kifua cha mtoto.

Chombo kilikuja baadaye. Willem Einthoven, mwalimu wa waganga katika mji wa Leiden, Uholanzi, alitengeneza mashine ya kuandika umeme wa moyo mwanzoni mwa miaka ya 1900, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Kwa mashine ya namna hiyo waganga wawili wa Norwei, Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen, walichunguza nyumba moja yenye watoto sita. Wanne kati yao walikuwa viziwi tangu kuzaliwa, nao walikuwa wakianguka. Watatu walikufa ghafula, wakiwa na miaka 4, 5 na 9. Habari hiyo ilitolewa mwaka 1957. Halafu Cesarino Romano wa Italia mwaka 1963, na Owen Conor Ward wa Ireland mwaka 1964, wakaeleza ugonjwa huo huo kwa watoto wanaosikia vizuri. Baada ya mwaka 1990 wenye elimu walianza kuzitambua mbegu zenyewe za mwili zinazouleta.

Hapa Afrika pia umeonekana. Katika Afrika ya Kusini waganga walichunguza jamaa zaidi ya 20 zenye QT ndefu, ambazo hazikujua kwamba ni ndugu. Walipofuata vizazi nyuma, walifika kwa mababu wale wale, walioishi huko mwishoni mwa miaka ya 1600. Mbegu moja ilikuwa imeshuka zaidi ya miaka 300, kutoka mzazi hadi mtoto, na hakuna aliyeijua.

4. Mbegu ya baba na mbegu ya mama

Kila mtoto hupokea mbegu za mwili kutoka pande mbili, kwa baba na kwa mama. Kwa hiyo mtoto mmoja ana pua ya baba, na sauti ya mama.

Katika namna ya QT ndefu iliyo ya kawaida, mbegu moja yenye kasoro inatosha. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto anayezaliwa anaweza kuipokea au kuikosa, nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Yaweza kuwa watoto watatu wameipata na mmoja ameikosa, au wote wameikosa. Tena anayeipata si lazima aanguke. Wengine huzeeka nayo bila kujua.

Namna ile ya watoto viziwi ni tofauti. Hapo mtoto amepokea mbegu yenye kasoro kwa baba, na nyingine kwa mama. Wazazi wenyewe wanasikia vizuri, na mara nyingi hawana dalili. Jambo hili huzidi kutokea mahali watu wanapooana ndugu kwa ndugu. Kwa hiyo mtoto kiziwi tangu kuzaliwa, ambaye pia huanguka, sharti apimwe moyo bila kukawia.

Mara chache mbegu huharibika kwa mtoto mwenyewe, na wazazi wote wawili hawana kitu.

Sasa nasema na ninyi akina baba, na wazee wa ukoo. Nimesikia mama akilaumiwa: "Umetuletea damu mbaya nyumbani." Nimesikia habari ya kurudisha mahari. Ndugu, mbegu yaweza kutoka kwa baba sawasawa na kwa mama. Aliyeitoa hakuichagua wala hakuijua, naye aliipokea kwa waliomtangulia. Huwezi kumlaumu mtu kwa urefu wa pua yake.

5. Uliza juu ya majina yasiyokuwapo

Kwetu katika nchi ya Wanande majina huhesabu watoto. Ukisikia Kambale, Kasereka, Kakule, unajua kwamba ni mvulana wa pili, wa tatu na wa nne. Basi tuseme unaingia katika nyumba, yuko Kambale na yuko Kakule, lakini Kasereka hayuko. Muuguzi mwenye akili atauliza kwa upole: Kasereka yuko wapi? Kama alikufa, alikuwa na miaka mingapi? Alikuwa akifanya nini saa ile? Aliugua siku kadhaa, ama asubuhi alikuwa mzima?

Maswali haya yanauma, na mama ana haki ya kulia akiyajibu. Lakini yanaweza kuokoa Kambale na Kakule. Kabla ya kwenda hospitali, baba na mama wakae pamoja na wazee wa pande zote mbili, wakumbuke:

Je, yuko mtu wa ukoo aliyekufa ghafula kabla ya kufika miaka 40, naye hakuwa mgonjwa?
Je, yuko aliyekufa majini ingawa alijua kuogelea?
Je, yuko aliyekufa katika mpira, katika mbio, katika ugomvi, au aliposhtuka?
Je, yuko mtoto mchanga aliyelazwa mzima, akakutwa amekufa?
Je, yuko anayeitwa mwenye kifafa, na dawa ya kifafa haimsaidii?
Je, yuko kiziwi tangu kuzaliwa?

Andikeni majibu katika karatasi, mkaipeleke. Wakati wa Ebola, tangu 2018 hadi 2020, sisi wa Beni, Butembo na Katwa tulijifunza kuuliza, "Nani amegusana na nani?" Wengi walichukia swali lile, lakini lilisaidia kuukata ugonjwa. Hapa swali ni, "Nani amezaliwa na nani?" Halitafuti mwenye kosa. Linatafuta mwingine aliye katika hatari, ili alindwe.

6. Si kila anayeanguka ana ugonjwa huu

Watoto wengi huzimia, na wengi wao mioyo yao ni mizima. Tazama tofauti.

Kuzimia kwa kawaida. Mtoto amesimama kitambo kirefu juani au katika mkutano wa watu wengi, au ana njaa, au ameona damu. Kwanza anasikia kizunguzungu, jasho linamtoka, macho yanaona giza, halafu anaanguka. Akilazwa chini anapata nafuu.

Kifafa. Mtoto anakakamaa na kutupatupa mikono na miguu, mara nyingi kwa dakika moja au zaidi. Huenda akauma ulimi, akatoka povu, akajikojolea. Baadaye ana usingizi mzito na akili inakawia kurudi. Kifafa kina dawa yake, wala hakiambukizi kwa mate. Usiogope kumshika mwenye kifafa.

Moyo. Mtoto anaanguka akiwa anakimbia, anacheza mpira, anaogelea au kuingia katika maji baridi. Au ameshtuka kwa kelele ya ghafula, ngurumo au risasi. Au amekasirika sana. Wengine hupatwa katika usingizi. Anaanguka bila onyo au kwa onyo fupi, uso umepauka, na akiamka, akili inarudi upesi. Pengine kabla ya kuanguka anasema moyo unamwenda mbio.

Lakini jihadhari: mtoto ambaye moyo wake umechafuka anaweza kutupatupa mikono kidogo, kwa sababu ubongo umekosa damu. Ndiyo maana katika nchi zote watoto wengi wa namna hii wamehesabiwa kuwa na kifafa kwa miaka mingi, na kumezeshwa dawa ya kifafa. Ikiwa mtoto wako anatumia dawa ya kifafa, usiiache kwa shauri lako mwenyewe. Mwulize mganga: "Je, moyo wake umepimwa?"

7. Kupimwa

Muuguzi akisikiliza kifua kwa chombo chake, huenda asisikie ubaya wo wote. Chombo hicho husaidia sana kutambua moyo ulioharibika milango yake mikubwa kwa sababu ya ugonjwa wa koo usiotibiwa, nao umeenea katika nchi zetu. Lakini QT ndefu haisikiki kwa masikio. Sharti ipigwe picha ya umeme wa moyo, inayoitwa elektrokadiogramu.

Picha hii haiumizi. Mtoto analala, na waya ndogo zinabandikwa kifuani, mikononi na miguuni. Umeme hauingii mwilini mwake; mashine inasikiliza tu umeme wake mwenyewe na kuuandika katika karatasi. Kazi yote ni dakika chache. Mtoto akipatikana na ugonjwa, baba, mama na ndugu zake wote wapigwe picha, hata wale wasioanguka kamwe.

Mwaka 1905 Einthoven alipitisha umeme wa mioyo ya wagonjwa katika waya ya simu, kutoka hospitali hadi nyumba yake ya kazi, karibu kilometa moja na nusu. Leo muuguzi wa mlimani anaweza kuipiga karatasi ile picha kwa simu na kuituma kwa mganga wa moyo aliye mbali, ajibiwe kabla ya jua kuchwa. Kwa hiyo usiseme, "Mimi ni wa Kipese, siwezi kufika." Mwulize muuguzi wako ni hospitali gani iliyo karibu yenye mashine hii.

Wale watakaohitaji matibabu makubwa, wengine hupita Kasindi mpaka Kampala. Huko kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda, kwenye hospitali ya Mulago. Dar es Salaam pia kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015. Lakini kwa watoto walio wengi ulinzi wa kwanza ni dawa na malezi ya nyumbani.

8. Dawa na malezi

Dawa inayotumiwa sana ni propranololi au nyingine ya jamii yake. Imejulikana tangu miaka ya 1960, na si ya gharama kubwa. Inaukinga moyo usichochewe kupita kiasi na mbio, hofu au hasira. Haiondoi mbegu ya ugonjwa, bali inamlinda mtoto siku anapoimeza. Kwa hiyo:

Mpe kila siku, kwa kipimo cha mganga. Usiseme, "Mwezi huu hakuanguka, tupumzishe dawa." Kuikatisha kwa ghafula ni hatari.

Nunua nyingine kabla ya ile ya kwanza kwisha. Mvua huharibu njia. Tena sisi wa Beni na Lubero tumejua kukimbia usiku kwa sababu ya vita. Ukifunga mzigo wa kukimbia, dawa ya mtoto iwe ndani yake.

Mwambie mganga kama mtoto ana pumu, maana dawa hii yaweza kuibana pumzi yake.

Mpe pamoja na chakula. Mtoto anayeimeza asikae na njaa kutwa nzima, kwa kuwa sukari ya damu yaweza kushuka sana. Asiingizwe katika siku za kufunga za kanisa. Akitapika au akikataa kula, mpeleke kwa muuguzi siku ile ile.

Akiharisha, mpe upesi maji ya chumvi na sukari yanayotolewa kituo cha afya. Kuhara huondoa chumvi mwilini, na moyo huu unazihitaji sana chumvi hizo.

Ziko dawa ambazo huirefusha QT zaidi: kwinini, halofantrini, eritromisini, na baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za wagonjwa wa akili. Usinunue dawa sokoni kwa kubahatisha. Kila uendapo kutibiwa, sema kwanza, "Mtoto huyu ana QT ndefu." Lakini usikatae kutibu malaria. Malaria huua watoto wengi kuliko ugonjwa huu. Sema tu mapema, ili muuguzi achague dawa inayofaa.

Asishindane katika mbio wala mpira mpaka mganga aruhusu. Asiogelee peke yake kamwe. Mito yetu ya milimani ni baridi. Aende shuleni kama wengine, akae na wenzake, asaidie kazi nyepesi. Mwalimu aambiwe. Mtoto huyu asiadhibiwe kwa kukimbizwa kuzunguka uwanja, wala asishtuliwe kwa kelele. Ukumbuke yule msichana wa Leipzig.

Kwa wale ambao dawa haiwatoshi, kuna mashine ndogo inayowekwa chini ya ngozi ya kifua. Inaulinda moyo, na mapigo yakichafuka inaupiga umeme ili urudi katika zamu yake. Kazi hii hufanyika katika hospitali kubwa.

9. Akianguka mbele yako

Mwite na kumgusa. Akipumua, mlaze ubavu, kaa naye. Usitie kijiko wala kitu cho chote kinywani. Usimnyweshe. Usimmwagie maji.

Asipoitika, wala hapumui, au anatweta tu kwa mbali, usipoteze wakati kumtafuta mtu wa kulaumiwa. Mlaze chali mahali pagumu. Piga kelele ya msaada, mtu mmoja atafute gari au pikipiki. Weka kiganja cha mkono katikati ya kifua, mikono miwili kwa mtoto mkubwa. Bonyeza kwa nguvu mpaka kifua kishuke kama sehemu moja katika tatu ya unene wake, halafu kiache kipande. Fanya hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila ukibonyeza mara 30, pulizia pumzi mbili kinywani, ukiziba pua yake. Ukichoka, mwingine apokee. Msiache mpaka apumue, au mpaka afike anayejua kazi kuliko ninyi.

Je, kubonyeza kunafaa? Fabrice Muamba alizaliwa Kinshasa mwaka 1988, akahamia Uingereza akiwa mtoto. Tarehe 17 Machi 2012, akiichezea timu ya Bolton katika mji wa London, alianguka uwanjani bila kuguswa na mtu. Moyo wake ulisimama kwa dakika 78. Lakini watu walianza kubonyeza kifua chake pale pale juu ya majani, mganga wa moyo aliyekuwa kati ya watazamaji akashuka kusaidia, wakampiga umeme mara nyingi, wala hawakuchoka. Aliamka. Aliacha mpira mwaka ule ule, lakini alirudi nyumbani kwa mchumba wake na mtoto wake. Sisi hatuna mashine za London. Mikono tunayo.

10. Neno kwa watu wa kanisa

Kumwombea mtoto mgonjwa ni vema, nami nimefanya hivyo mara nyingi kando ya kitanda. Lakini nimeona pia mambo mengine yakifanywa kwa jina la maombi: mtoto anafungishwa siku tatu, anazungukwa usiku na watu wanaopaza sauti, anatikiswa, anamwagiwa maji baridi ili pepo atoke. Ndugu, rudia kusoma sehemu ya 6 na ya 8. Njaa, hofu, kelele ya ghafula, maji baridi: ndiyo mambo yale yale yanayoweza kuuchafua moyo huu. Mtu aweza kumwua mtoto huku akidhani anamwokoa.

Na wewe unayetaka kujua ni nani aliyefanya dhambi hata mtoto akazaliwa hivi, fungua Injili ya Yohana, sura ya 9. Wanafunzi waliuliza swali lako hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu. Bwana hakumhesabia kosa mtu yule, wala wazazi wake. Halafu alifanya kazi ya kumponya. Basi sisi nasi tuache kulaumu tukafanye kazi.

Yule nyanya mzee aliyetajwa usiku, mwendeeni asubuhi. Msiende kumshtaki. Mwulizeni habari za watoto aliowazika, kwa maana huenda yeye ndiye pekee anayekumbuka. Kumbukumbu yake yaweza kuwa dawa ya wajukuu.

Maswali ya kujiuliza nyumbani

1. Je, yuko mtoto kwetu aliyeanguka akikimbia, akiogelea au akishtuka?
2. Je, yuko mtoto kiziwi anayeanguka?
3. Ni majina gani yasiyokuwapo katika hesabu ya ukoo wetu, na walikufaje?
4. Je, mtoto wetu mwenye kifafa amepigwa picha ya moyo hata mara moja?
5. Je, yuko mtu tuliyemlaumu bila haki? Tutakwenda lini kupatana naye?

Ukijibu "ndiyo" katika swali la kwanza au la pili, usingoje siku ya soko. Mchukue mtoto kesho kwa muuguzi, mwende polepole, asikimbie njiani. Uende na karatasi ya majina.